Kabla ya kuuliza nani atairithi Kibra

Tangu Raila Odinga afariki dunia nchini India tarehe 15 Oktoba 2025, ni vigumu kuzungumzia siasa za Nairobi bila kufikishwa Kibra. Nani atairithi? Je, ODM, chama chake, itaishika? Swali linaulizwa kana kwamba eneo bunge ni shamba la ukoo, mzee amekufa na sasa wanawe wanatazamana. Huku nyuma kuna mjadala mwingine ambao wengi wanauona ni wa mawakili na makarani tu: nchi inaelekea uchaguzi wa Agosti 2027 ikiwa na mipaka ya maeneo bunge iliyochapishwa Machi 2012, ilhali Katiba ilitaka mipaka hiyo ipitiwe upya kabla ya miaka 12 kwisha, yaani kabla ya Machi 2024. Mjadala wa kwanza una joto, wa pili unapiga miayo. Naona vyote viwili ni jambo moja, na kwa pande zote mbili tunalisoma vibaya. Kibra tunayoiita ngome isiyotikisika haikuzaliwa na Raila alipoingia bungeni mwaka 1992. Ilizaliwa na mstari uliochorwa mwaka 2012. Na wale wanaoitaja Kibra kila wanapotaka kuonyesha jinsi wakazi wa mji walivyonyimwa viti wamechagua mfano usiowasaidia.

Tuanze na jambo ambalo vijana wengi wa Laini Saba, mojawapo ya wodi za Kibra, hawakulishuhudia. Kabla ya uchaguzi wa 2013, Kibra haikuwa eneo bunge. Ilikuwa sehemu ya Lang'ata, mojawapo ya maeneo bunge 8 ya Nairobi. Bunge zima lilipoongezwa viti kutoka 188 hadi 210 kwa ajili ya uchaguzi wa 1997, Nairobi ilibaki na 8 vyake vile vile. Ndani ya Lang'ata hiyo moja mlikuwa na majumba ya Karen yenye ekari za bustani, nyumba za tabaka la kati za South C na Nairobi West, kambi za jeshi, mbuga ya wanyama ikipakana upande mmoja, na Kibera yote, mtaa wa mabanda, na vijiji vyake: Kianda, Gatwekera, Kisumu Ndogo, Lindi, Mashimoni, Silanga na vinginevyo. Kimoja kati ya vijiji hivyo kinaitwa Raila.

Ukiangalia waliowakilisha Lang'ata ile, unaona kwamba haikuwa mali ya mtu wala kabila. Yunis Ali, Mnubi, alikuwa mbunge wake kabla ya Mwangi Mathai kushinda mwaka 1974. Mathai huyo ndiye aliyekuwa mume wa Wangari Maathai, na mama huyo mwenyewe alieleza baadaye kwamba fikra yake ya kuwapa watu ajira kwa kupanda miti ilitokana na ahadi za kazi ambazo mumewe aliwapa wapiga kura wa Lang'ata katika kampeni hizo. (Ahadi za kampeni Nairobi huwa hazizai hata mche mmoja, hii ilizaa Green Belt Movement.) Mwaka 1979 kiti kilikwenda kwa Philip Leakey, Mkenya mweupe, ndugu yake Richard Leakey, naye akakaa nacho hadi 1992. Hapo ndipo Raila alipoingia kwa tiketi ya Ford-Kenya, chama cha babake, Jaramogi.

Hata Raila hakukikalia kiti kile kwa starehe. Alipoachana na Ford-Kenya na kuhamia NDP, alijiuzulu na kurudi kwa wapiga kura katika uchaguzi mdogo wa Machi 1997, jambo ambalo wanasiasa wetu wa leo wanaohama chama kila msimu hawalijui. Alishinda, na alama ya NDP, trekta, ikampa jina la Tinga ambalo lilimganda hadi kaburini. Mwaka 2002 akashinda tena chini ya mwavuli wa NARC. Mwaka 2007 Lang'ata ikawa uwanja wa vita vya kitaifa kwa sababu ambayo leo imesahaulika: Katiba ya zamani ilimtaka rais awe pia mbunge wa kuchaguliwa. Mgombea urais kama Raila, akishindwa nyumbani Lang'ata, asingeweza kuapishwa hata kama nchi nzima ingempigia kura. Kwa hiyo Stanley Livondo wa PNU, chama cha Rais Kibaki, hakuwa anagombea kiti cha mtaa tu. Alikuwa jiwe lililowekwa mlangoni pa Ikulu. Siku ya kura, Desemba 27, Raila alifika katika shule ya Old Kibera na jina lake halikupatikana katika daftari. Ilibidi aende kulalamika kwa tume kisha arudi. Hata mwenye jina kubwa kuliko wote pale alilazimika kuipigania Lang'ata kura kwa kura.

Katiba ya 2010 ikaliondoa jiwe hilo. Rais hakuhitaji tena kuwa mbunge, na Raila hakugombea ubunge mwaka 2013. Katiba hiyo hiyo iliweka maeneo bunge 290 na ikatoa kanuni: idadi ya watu katika kila eneo bunge iwe karibu iwezekanavyo na wastani wa kitaifa, yaani watu wote wa nchi wakigawanywa kwa viti vyote. Miji na maeneo yenye watu wachache yakaruhusiwa kuzidi au kupungua kwa asilimia 40, na kwingineko kwa asilimia 30. Tume ya Andrew Ligale ilianza kazi ya kuchora, ikaacha mvutano mkubwa, na IEBC, tume ya uchaguzi na mipaka, ikaimalizia na kuichapisha Machi 2012. Nairobi ikatoka viti 8 hadi 17. Embakasi, iliyokuwa na watu 925,775 katika sensa ya 2009, ikakatwa vipande vitano. Lang'ata, yenye watu 355,188, ikakatwa viwili, karibu nusu kwa nusu. Kipande kimoja kikabaki na jina la Lang'ata na wodi za Karen, Nairobi West, Mugumo-ini, South C na Nyayo Highrise. Kingine kikapewa Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe na Woodley/Kenyatta Golf Course, na kikapewa jina la zamani: Kibra, kama Wanubi wanavyolitamka, neno lenye maana ya msitu.

Hapo ndipo historia inapogeuka, na matokeo yanalionyesha hilo waziwazi. Lang'ata mpya ilimchagua Joash Olum wa ODM mwaka 2013, ikamwondoa na kumweka Nixon Korir wa Jubilee mwaka 2017, ikamwondoa na kumweka Phelix Odiwuor, Jalang'o, wa ODM mwaka 2022. Chaguzi tatu, wabunge watatu, na kiti kikibadili chama mara mbili. Kibra ilimchagua Ken Okoth wa ODM 2013, ikamrudisha 2017, na alipofariki Julai 2019 ikamchagua ndugu yake, Bernard Okoth anayejulikana kama Imran, katika uchaguzi mdogo wa Novemba 7, kisha Peter Orero wa chama kile kile mwaka 2022. Haijatoka mkononi mwa ODM hata siku moja. Watu ni wale wale waliokuwa eneo bunge moja mwaka 2007, na Raila aliyewapigia kampeni ni yule yule. Kilichobadilika ni nani amewekwa pamoja na nani.

Mtu anaweza kusema: lakini hata Lang'ata nzima ilimchagua Raila miaka 20, ngome ilikuwepo. Kweli, Raila alishinda. Ila mtu kushinda ni jambo moja na chama kuwa na uhakika ni jambo jingine. Katika Lang'ata ya zamani mgombea alilazimika kuzungumza na mwenye nyumba wa South C na mpangaji wa Gatwekera katika kampeni moja, na hata akijua kwamba kura nyingi ziko Kibera, alijua kuna pembe ambako mpinzani anaweza kukusanya za kutosha kumtia wasiwasi. Mstari wa 2012 uliziondoa pembe hizo. Uchaguzi wa kweli wa Kibra ukahamia kwenye mchujo wa chama, mahali ambapo wapiga kura ni wachache na kelele ni nyingi, na ambapo tume ya uchaguzi haina nguvu ilizo nazo siku ya kura. Anayepata tiketi ameshapata nusu ya kiapo.

Uchaguzi mdogo wa 2019 unatajwa mara nyingi kama uthibitisho wa mapenzi ya Kibra kwa Raila; msemo wa wakati ule ulikuwa kwamba Kibra ni chumba cha kulala cha Baba, na mgeni haingii chumbani. Jubilee ilimleta McDonald Mariga, mwanasoka aliyekuwa ametamba Ulaya, na William Ruto, aliyekuwa naibu wa rais, akaingia kampeni kwa miguu miwili. Imran Okoth alipata kura 24,636, Mariga 11,230, Eliud Owalo wa ANC 5,275. Sawa, ODM ilishinda kwa mbali. Lakini jumlisha wapinzani hao wawili: zaidi ya 16,500. Na watatu hao kwa pamoja hawakufikisha kura 42,000 katika eneo lenye wapiga kura waliosajiliwa takriban 118,000. Theluthi mbili ya waliosajiliwa hawakuonekana. Chaguzi ndogo huvuta watu wachache kila mahali, hilo najua. Hata hivyo chumba cha kulala ambacho wengi wa wenyeji hawakuamka kukilinda kinahitaji maelezo zaidi ya mapenzi. Maelezo yangu ni kwamba pale ambapo matokeo yanajulikana tangu siku ya mchujo, wengi huona hakuna haja ya kupanga foleni.

Sasa upande wa idadi, ambako kelele za mji zinasikika zaidi. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 47,564,296. Ukigawa kwa 290 unapata takriban watu 164,000 kwa kila kiti, na mji unaruhusiwa kufika hadi takriban 229,600. Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073. Gawa kwa 17: takriban 258,650. Tazama hesabu hiyo vizuri. Hata kama ungewapanga watu wa Nairobi sawasawa kama viazi kwenye debe, kila eneo bunge lingepita kikomo cha juu kabisa kinachoruhusiwa na Katiba. Hakuna namna ya kuchora mistari 17 ndani ya Nairobi ikawa halali kwa takwimu za 2019. Inahitaji angalau viti 20. Upande wa pili wa mizani kuna Lamu Mashariki, watu 22,258 na mbunge mmoja. Kwa wastani, mkazi wa Nairobi anamgawana mbunge wake na watu zaidi ya mara 11 ya hao.

Na ubaya huu haukuletwa na uzembe wa miaka ya karibuni tu. Ulishonwa tangu mwanzo. Mwaka 2012 wastani wa kitaifa, kwa sensa ya 2009, ulikuwa watu 133,138, na kikomo cha mji kilikuwa takriban 186,400. Nairobi yenye watu 3,138,369 iliyopewa viti 17 ilikuwa na wastani wa 184,600. Tume ilijaza mtungi hadi mdomoni, ikaacha nafasi ya kijiko kimoja. Ilibanwa, kwa sababu ibara za mpito za Katiba zilikataza eneo bunge lolote lililokuwepo kufutwa katika mapitio ya kwanza, na maeneo 27 ambayo hayakufikia idadi yakanusurika kwa kinga hiyo. Viti vilivyoshikwa huko ndivyo vilivyokosekana hapa. Halafu kati ya sensa hizo mbili nchi ilikua kwa asilimia 23, Nairobi kwa asilimia 40. Mtungi ukamwagika.

Lakini haukumwagikia Kibra. Eneo bunge hilo lilipoundwa lilikuwa na watu takriban 178,000. Sensa ya 2019 iliihesabia kaunti ndogo ya Kibra watu 185,777, na Lang'ata 197,489. Zote mbili ziko ndani ya kikomo cha mji, tena kwa nafasi. Mji ulipokua kwa asilimia 40, Kibra ilikua kwa asilimia 4 hivi. Najua hapa nagusa kidonda. Kwa miaka mingi dunia iliambiwa kwamba Kibera ina watu milioni moja, mtaa wa mabanda mkubwa kuliko yote Afrika, na wafadhili, wanasiasa na waandishi wa habari kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kuipenda namba hiyo. Sensa ya 2009 ilipotoa jumla ya 170,070 watu walikasirika kana kwamba wameibiwa. Vijana waliochora ramani ya mtaa huo nyumba kwa nyumba katika mradi wa Map Kibera walikadiria zaidi ya sensa, kati ya 235,000 na 270,000, lakini hata wao hawakuikaribia milioni. Unaweza kubishana na sensa ya serikali, na katika mitaa ambako mlango mmoja una familia mbili na zamu za kulala, una haki ya kubisha. Ila kwa takwimu zilizopo kisheria, wanaopunjwa wako Embakasi na Kasarani, mashariki na kaskazini ya jiji, katika maghorofa yanayoota kila mwezi kando ya barabara, ambako hakuna kamera za wageni na hakuna aliyewahi kuita mtaa wao chumba cha kulala cha mtu.

Wanaotetea hali ilivyo wana hoja tatu, na si zote za kutupwa. Ya kwanza ni ya muda. IEBC ilikaa bila makamishna tangu Januari 2023 hadi mwenyekiti Erastus Ethekon na wenzake walipoapishwa Julai 2025. Walipoingia ofisini tarehe ya mwisho ilikuwa imepita kwa zaidi ya mwaka mmoja. Katiba inataka mapitio yoyote yakamilike angalau miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu. Juu ya hilo, mapema 2025 Mahakama Kuu huko Garissa ilibatilisha matokeo ya sensa ya 2019 katika sehemu za Mandera, Wajir na Garissa, na huwezi kutafuta wastani wa nchi kwa hesabu yenye mashimo. Hii ni hoja nzito. Inaeleza kwa nini makamishna wa leo hawawezi kulaumiwa. Haielezi kwa nini tume ya nchi iliachwa ukiwa miaka miwili na nusu huku kila mtu akiijua kalenda.

Ya pili ni ya ardhi. Mbunge wa North Horr anaweza kusafiri siku nzima asifike mwisho wa eneo lake. Wa Kibra anaweza kulizunguka lake kwa miguu kabla ya chakula cha mchana, maana lina kilomita za mraba 12 hivi. Kuwakilisha watu waliotawanyika ni kazi ya aina yake, na jamii za wafugaji zilisahauliwa na Nairobi kwa vizazi. Kuwapokonya kiti kwa sababu ya kikokotoo kungekuwa dhuluma juu ya dhuluma. Nakubali. Ndiyo maana Katiba yenyewe iliwapa asilimia 40 ya upungufu. Kilichonishangaza ni kwamba ruhusa hiyo hiyo ya asilimia 40 ndiyo iliyopewa mji, ila upande wa pili: kwa mfugaji ni mlango wa kuingilia, kwa mkazi wa mji ni dari la kumkandamiza.

Ya tatu ndiyo dhaifu, na ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa kuliko zote: kwamba watu wa Nairobi si wa Nairobi. Wana kwao. Wakati wa uchaguzi hupanda mabasi kurudi Siaya, Kakamega, Murang'a au Machakos kupiga kura, kwa hiyo kuwahesabu mjini ni kuwahesabu mara mbili. Hoja hii inachanganya mpiga kura na mtu. Sensa humhesabu mtu alipolala usiku ule, mara moja. Katiba haikusema wapiga kura, ilisema wakazi. Mtoto wa darasa la tatu katika wodi ya Lindi hapigi kura popote, lakini dawati lake, choo cha shule yake na basari ya kakake hutoka katika hazina ya maendeleo ya eneo bunge, na hazina hiyo, ambayo uhalali wake umepiganiwa mahakamani, hugawa fedha kwa kiti zaidi kuliko kwa kichwa. Mtoto huyo hana basi la kumrudisha kijijini kila anapohitaji daftari. Na yule mzazi anayesafiri kupiga kura kwao, tumwulize pia kwa nini. Huenda ni mapenzi ya nyumbani. Huenda pia amepima mwenyewe kwamba kura yake ina uzito zaidi kule.

Basi kama tatizo ni idadi, dawa si kuongeza viti tu? Tulishajaribiwa kwa dawa hiyo. Muswada wa BBI wa 2020, wa kurekebisha Katiba, uliahidi maeneo bunge 70 mapya, 12 kati yake Nairobi. Kwa hesabu za karatasi ungewafaa watu wa mji. Mahakama ya Juu, Machi 2022, iliikataa sehemu hiyo kwa sababu ilichomekwa bila wananchi kushirikishwa. Wengi wa marafiki zangu wa Nairobi walisikitika, mimi sikusikitika. Viti 12 vilivyogawiwa na wanasiasa kabla hata ya kuuliza mistari itapita wapi ni sawa na kupewa sahani bila kuonyeshwa chungu. Kibra inatufundisha kwamba swali la mstari unapita wapi ndilo lenye matokeo ya muda mrefu, na hilo halikuwa na nafasi katika jedwali lile.

Nisieleweke vibaya, mgawanyo wa 2012 ulikuwa na faida ya kweli. Katika Lang'ata kubwa, mwenye shida ya choo na mwenye shida ya taa za barabarani walikuwa na mbunge mmoja, mara nyingi mwenye macho kwenye kiti kikubwa zaidi. Kibra ilipopata kiti chake, mbunge wake wa kwanza alikuwa mtoto wa mtaa huo, aliyepita Starehe Boys, akasoma na kufundisha Marekani, akarudi. Ken Okoth aliuelekeza mgao wa hazina kwenye shule na basari kwa ukaidi ambao hata wapinzani wake waliukubali. Nilimsikia fundi cherehani mmoja wa Makina akisema, siku chache baada ya kifo chake, kwamba kwa mara ya kwanza alijua ofisi ya mbunge iko wapi bila kuuliza. Sijui kama Lang'ata nzima ingeweza kumpa hilo.

Lakini faida hiyo ilikuja na gharama, nayo iliwaangukia wachache walio ndani ya Kibra yenyewe. Wakazi wa Woodley, wenye nyumba zao za zamani za halmashauri, waliwekwa pamoja na wodi nne zenye shida nyingine kabisa, na hawana idadi ya kumtisha yeyote. Wanubi ndio mfano mchungu zaidi. Walipewa ardhi hiyo mwanzoni mwa karne iliyopita kama askari wa zamani wa mfalme wa Uingereza, zaidi ya ekari 4,000. Walikuja kupata hati ya ekari 288 mwaka 2017, tena miezi miwili kabla ya uchaguzi. Jina la eneo bunge ni lao, kiti si chao. Katika Lang'ata ile yenye mchanganyiko, Mnubi aliwahi kuingia bungeni. Katika Kibra ambako mambo huamuliwa kwenye mchujo wa chama kikubwa, njia hiyo imekuwa nyembamba kiasi kwamba sijui nani angeipita.

Kwa hiyo vikao vya mipaka vitakapoitishwa, pengine baada ya 2027, mkazi wa Nairobi asiingie ukumbini na ombi moja tu la viti zaidi. Viti vitakuja, hesabu inavilazimisha. Aulize wodi yake itafungwa pamoja na zipi. Je, Kibra na Lang'ata zitaachwa zilivyo kwa kuwa zimo ndani ya kikomo, huku kalamu ikihamia mashariki ya jiji? Au wodi moja itavushwa mstari, Nyayo Highrise irudi huku, Woodley iende kule, na usiku mmoja tu mashindano ya maeneo yote mawili yabadilike bila mwanasiasa yeyote kubadili chama? Katiba inaitaka tume izingatie uhusiano wa kijamii, historia, jiografia na njia za mawasiliano. Maneno hayo yanaweza kumtetea anayetaka mitaa inayofanana ikae pamoja, na yanaweza kumtetea anayetaka tajiri na maskini wa barabara moja wawe na mbunge mmoja. Mimi, baada ya kuyaangalia matokeo ya Kibra na Lang'ata kwa chaguzi tatu, nimeanza kuegemea upande wa pili, ingawa fundi wangu wa Makina angenibishia.

Kuna jambo moja linaloweza kunikosoa, na halitachelewa. Uchaguzi wa 2027 utakuwa wa kwanza Kibra kupiga kura bila Raila kuwa hai, kwa mstari ule ule wa 2012. Kama nimesoma sawa, vita vitapiganwa kwenye mchujo, mshindi atajulikana majuma kadhaa kabla, na siku ya kura itakuwa ya utulivu na foleni fupi, ilhali Lang'ata itakesha ikihesabu. Kama Kibra nayo itakesha, na kiti kikahama chama alfajiri, basi nitakuwa nimeupa mstari sifa iliyokuwa ya Tinga.